Shule ya msingi ya Kiswahili na Kiingereza kwa fedha za serikali England: wazazi waanzie wapi?

Swali: Tuko familia kama ishirini hivi kwenye mji mmoja wa Midlands, wengi tukitokea Tanzania, Kenya na Kongo. Watoto wetu wanasoma Kiswahili Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi, saa 2 tu kwa wiki, na wakitoka hapo ni Kiingereza mtindo mmoja. Tumesikia kuna wazazi England waliofungua shule ya msingi ya lugha mbili, haina ada na serikali ndiyo inayolipa. Je, nasi tunaweza? Tuanzie wapi, na tutahitaji fedha kiasi gani? – Mama wa watoto watatu

Jibu: Dada, mliyosikia ni kweli, ila hali ya leo si ile ya mwaka 2012. Sheria ya Akademia (shule za serikali zisizo chini ya halmashauri) ya 2010 iliruhusu kundi la wazazi, walimu au shirika lolote lisilo la faida kuomba kuanzisha shule mpya inayolipiwa moja kwa moja na Wizara ya Elimu bila kupitia halmashauri. Shule hizi huitwa free school, nami hapa nitaziita shule huru. Za kwanza 24 zilifunguliwa Septemba 2011, na za lugha mbili zikafuata upesi: ya Kiingereza na Kihispania ya Brighton na Hove na Europa School UK ya Culham, Oxfordshire, mwaka 2012, Judith Kerr ya Kijerumani kusini mwa London mwaka 2013, La Fontaine ya Kifaransa kule Bromley mwaka 2014. Utaratibu huu ni wa England peke yake. Wales na Scotland zina shule zao za Kiwelisi na Kigaeli, zenye sheria nyingine.

Tangu hapo mlango umezidi kuwa mwembamba. Wizara ilianza kupendelea trasti, yaani mashirika yasiyo ya faida ambayo tayari yanaendesha shule, kuliko makundi mapya ya wazazi. Oktoba 2024 serikali ilisimamisha miradi 44 ya shule huru za kawaida ili iipitie upya, kwa sababu idadi ya watoto imeshuka na maeneo mengi yana viti vitupu. Huko London zipo shule za msingi zilizofungwa kwa kukosa watoto. Kwa hiyo hoja ya "tunataka lugha yetu" haitoshi tena. Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba eneo lenyewe lina upungufu wa nafasi.

Zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kusubiri Wizara itangaze mzunguko mpya wa maombi, na sishauri mtu ajenge mpango juu ya tarehe ambayo haijatangazwa. Ya pili ni kuangalia panapojengwa nyumba mpya nyingi. Mjenzi mkubwa hufungwa na makubaliano ya mipango miji kuchangia shule, na halmashauri ikiona shule mpya inahitajika hualika waendeshaji walete mapendekezo. Hapo mnaingia mkiwa na trasti yenye uzoefu, ninyi mkileta lugha, familia na walimu. Njia ya tatu, ambayo kwa kundi lenu ndiyo ningeipa nguvu zote, ni kuishawishi shule iliyopo, yenye mikondo miwili na mmoja haujai, iugeuze mkondo huo kuwa wa lugha mbili. Shule ya Wix kule Clapham ilifanya hivyo mwaka 2006 kwa Kifaransa, kwa ushirikiano na Lycée Français Charles de Gaulle. Mwalimu mkuu mwenye viti vitupu anapoteza fedha kila mwaka, kwa hiyo mnakwenda kwake na kitu anachokihitaji. Tofauti na shule mpya, jengo lipo, jiko lipo, na ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule wa England, ipo.

Yanayofuata yanahusu njia zote tatu, maana makosa yake ni yaleyale.

Shule hii haitakuwa ya watoto wetu peke yao

Jambo hili huvunja makundi mengi ya wazazi, na ni afadhali mlimalize kabla ya kikao cha pili. Shule ya serikali, iwe huru au ya halmashauri, inafuata Kanuni za Udahili. Hairuhusiwi kumhoji mtoto, kumpima uwezo, wala kuuliza nyumbani kwao wanasema lugha gani ili impe nafasi. Mtoto mwenye mpango rasmi wa mahitaji maalumu unaoitaja shule hiyo lazima apokelewe. Zikibaki nafasi chache kuliko waombaji, wa kwanza ni watoto wanaolelewa au waliowahi kulelewa na serikali, kisha ndipo vije vigezo mlivyotangaza, kwa kawaida ndugu walioko shuleni na umbali wa nyumbani. Na Sheria ya Usawa ya 2010 inazuia shule kuchagua watoto kwa asili yao.

Maana yake, darasani watakuwamo watoto wa Kipolandi, wa Kipunjabi na wa Kiingereza ambao hawajawahi kusikia "shikamoo". Yupo pia atakayehamia Year 4 (darasa la miaka 8 hadi 9) katikati ya Februari bila neno hata moja la Kiswahili, na kama nafasi ipo hamna ruhusa ya kumkataa. Shule isiyomwandalia mtoto huyo humwacha amekaa nusu ya siku haelewi kitu, na mzazi wake akilalamika atakuwa na haki. Tengeni tangu mwanzo kipindi cha dakika 20 hadi 30 kila siku kwa wageni wa Kiswahili, kikundi kidogo, na msaidizi wa darasa anayejua kazi hiyo.

Kusema kweli, hata wetu waliozaliwa huku wengi wanaingia Reception, darasa la kuanzia la miaka 4 hadi 5, wakielewa "njoo ule" lakini wakijibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo mpango uliobuniwa kwa mtoto asiyejua Kiswahili utawafaa na wao. Tatizo huja pale mpango unapobuniwa kwa mtoto aliyetoka Tanga juzi.

Na dini muiache nje ya jina na nje ya katiba ya shule. Kati ya Waswahili wa pwani, Wakongo na Wakenya wa bara mna misikiti na makanisa. Kinachowaunganisha ni lugha, na mkikigusa hicho kingine kundi litagawanyika kabla fomu haijajazwa.

Hesabu ya fedha

Wazazi hawatoi mtaji wala hawajengi. Jengo la shule huru hutafutwa na kulipiwa na Wizara, na fedha za uendeshaji huja kwa idadi ya watoto. Ubaya ni kwamba jengo halifuati ratiba yenu: shule ya Brighton na Hove ilianzia kwenye majengo ya muda kabla ya kupata lake. Msiweke amana kwenye ukumbi wowote kwa fedha za mfukoni.

Swali la fedha linaloamua kama shule itasimama ni la walimu. Kwa mwaka 2025/26 kiwango cha chini cha fedha kwa mtoto wa msingi kwenye kanuni ya taifa ya mgawo wa fedha za shule ni pauni 4,955. Darasa la watoto 30, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa mwalimu mmoja kuanzia Reception hadi Year 2, linaingiza pauni 148,650. Mwalimu anayeanza kazi nje ya London kwa mwaka huohuo analipwa pauni 32,916. Ongeza mchango wa mwajiri kwenye pensheni ya walimu, asilimia 28.68, na bima ya taifa asilimia 15 ya kinachozidi pauni 5,000. Gharama yake halisi inafika karibu pauni 46,500.

Sasa tazama. Mkisema kila darasa liwe na mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili kwa pamoja, mmetumia pauni 93,000 kati ya 148,650 kwa watu wawili, na hapo ni walimu wachanga. Zinabaki kama pauni 55,600 za kumlipa mwalimu mkuu, mratibu wa mahitaji maalumu, wasaidizi, karani, umeme, bima na vitabu. Haitoshi, na ruzuku ya miaka ya mwanzo inayofidia madarasa yasiyojaa hupungua kila mwaka hadi inakwisha. Shule ya mkondo mmoja yenye walimu wawili kwa darasa haijifikishi mbali.

Dawa yake ni mikondo miwili. Watoto 60, madarasa mawili, walimu wawili. Asubuhi darasa A liko na mwalimu wa Kiingereza na darasa B liko na wa Kiswahili. Baada ya chakula cha mchana wanabadilishana. Kila mwalimu anafundisha somo lake mara mbili kwa siku, kwa lugha moja, kwenye chumba chake. Idadi ya walimu haizidi ya shule ya kawaida, na kila mtoto anapata nusu kwa nusu. Wiki ya pili geuzeni zamu, maana lugha inayofundishwa alasiri tu humkuta mtoto amechoka na ndiyo itakayoanguka. Sioni mpango mwingine ambao mhasibu wa Wizara na mtaalamu wa lugha wataukubali wote wawili.

Kwenye mkondo mmoja ndani ya shule iliyopo hesabu ni ngumu kidogo, kwa sababu mkondo wa pili hautaki kubadilishana. Hapo anzeni na asilimia 30 ya wiki kwa Kiswahili, mwalimu mmoja wa Kiswahili akihudumia madarasa mawili au matatu ya umri tofauti kadiri mkondo unavyopanda.

Nini kifundishwe kwa lugha ipi

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, kwa hiyo vitabu vya masomo hayo vipo tayari, na istilahi zake zimezoeleka. Hamna haja ya kubuni neno la pembetatu au usanisinuru. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania ndivyo viwe msingi, na vya Kenya vitumike zaidi kwa hadithi na mazungumzo, kwa sababu huko Kiswahili hufundishwa kama somo. Ila vitabu vya Tanzania haviingizwi darasani England vilivyo. Fedha ni shilingi, misimu ni masika na kiangazi, na mpangilio wa mada haufuati mtaala wa hapa. Mtu mmoja alipwe miezi kadhaa kabla ya kufungua ili akate, apange na aongeze.

Angalieni hasa ukurasa wa saa. Mtaala wa England unataka mtoto asome saa kamili na nusu saa Year 1, na dakika tano tano Year 2. Mtoto huyohuyo akiambiwa alasiri kwamba mshale uliosimama kwenye 7 ni saa moja, mtapoteza miezi. Kusoma saa kuwe kwa Kiingereza hadi Year 2 iishe. Saa ya Kiswahili ije Year 3, ambapo watoto huifurahia kama fumbo.

Kusoma ndiko kunakohitaji mpangilio makini zaidi. Juni ya Year 1 kila mtoto wa shule ya serikali hupimwa foniksi (kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi) ya Kiingereza kwa maneno 40, nusu yake ya kubuni yasiyo na maana. Mtoto aliyezoea kwamba "u" ina sauti moja tu kama ya "kuku" na "a" kama ya "baba" atayasoma maneno hayo ya kubuni Kiswahili na kukosa, ingawa anajua kusoma. Kwa hiyo Reception nzima Kiswahili kiwe cha kusikia na kusema: nyimbo, vitendawili, hadithi, amri za mwili, majina ya vitu. Silabi zianze Januari ya Year 1, kwa mwalimu mwingine, chumba kingine na daftari la rangi nyingine. Mtoto ambaye keshajua kwamba herufi hubeba sauti hushika ba, be, bi, bo, bu upesi sana, na irabu tano zenye sauti tano humpa ujasiri ambao tahajia ya Kiingereza humnyang'anya.

Jedwali la kuzidisha fundisheni kwa Kiswahili bila hofu. Kipimo cha Year 4 kina maswali 25 kwenye kompyuta, sekunde 6 kila swali, na mtoto anaona tarakimu tu. Akiwaza kimoyomoyo "sita mara saba, arobaini na mbili" na kubofya 42, hakuna anayejua. Mafumbo ya hisabati yenye maelezo ni kitu kingine. Mitihani ya SATs, ya taifa ya kumaliza shule ya msingi, ya Mei ya Year 6 imeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyefanya mafumbo yote kwa Kiswahili atajikwaa kwenye maneno, si kwenye hesabu. Kuanzia Year 5 angalau nusu ya mafumbo yawe kwa Kiingereza.

Masomo yaliyobaki yagaweni kwa mada, si kwa somo zima: mimea kwa Kiswahili muhula huu, sumaku kwa Kiingereza muhula ujao. Mada ile ile isirudiwe kwa lugha zote mbili. Mtoto akijua itarudiwa kwa Kiingereza, masikio ya Kiswahili anayafunga. Ndiyo maana pia mwalimu wa Kiswahili asitafsiri kila sentensi. Aonyeshe, achore, aigize. Mtoto akisema "kitabu yangu", amjibu "ndiyo, kitabu chako kiko wapi?" na kuendelea. Na uwanjani, msijidanganye, Kiingereza kitashinda. Wekeni chakula cha mchana au michezo upande wa Kiswahili ili lugha ipate mahali pa kucheza.

Walimu mtawatoa wapi

Hapa ndipo mipango mizuri inapokufa. Tangu 2012 akademia, kama shule huru, ziliweza kuajiri mwalimu asiye na hadhi ya QTS, ithibati ya ualimu ya England. Muswada wa Ustawi wa Watoto na Shule uliofikishwa Bungeni Desemba 2024 ulilenga kuufunga mwanya huo na kuzirudisha akademia kwenye mtaala wa taifa. Muswada huohuo ulilenga pia kulegeza utaratibu wa halmashauri kulazimika kutanguliza akademia kila inapohitaji shule mpya. Pangeni kana kwamba QTS ni lazima kwa kila mmoja.

Wengi wa walimu wenu tayari wako England, ila wamejificha kwenye kazi nyingine: wasaidizi wa darasa, walezi wa wazee, madereva. Mwenye shahada, sifa sawa na GCSE za Kiingereza, Hisabati na Sayansi, na uzoefu wa kufundisha katika shule zaidi ya moja anaweza kuomba njia ya tathmini pekee, ambayo haizidi wiki 12 bila kozi nzima. Andikeni orodha yao leo, maana kukusanya vyeti vya shule na barua za waajiri wa zamani huchukua muda kuliko tathmini yenyewe. Kumleta mwalimu kutoka Dodoma au Eldoret kunahitaji shule yenye leseni ya kudhamini viza. Shule ambayo haijafunguliwa haina.

Nyaraka, tarehe na watu

Trasti ya shule huru ni kampuni yenye ukomo kwa dhamana, husajiliwa Companies House (msajili wa makampuni) kwa katiba ya mfano ya Wizara, na dhamana ya kila mwanachama haizidi pauni 10. Wanachama wasipungue 3, Wizara hupenda 5, nao wawe tofauti na wadhamini, yaani bodi inayoiendesha trasti, kadiri inavyowezekana. Waajiriwa wasizidi theluthi moja ya wadhamini. Kati ya wadhamini awepo aliyewahi kuongoza shule ya msingi England kwa mafanikio, mhasibu, anayejua sheria za ajira, na anayejua ulinzi wa watoto. Mkiwa wote wazazi wenye ari, fomu itaanguka kwenye kipengele cha uwezo hata kama lugha imewavutia.

Chanzo kikuu cha ugomvi ni ajira. Mwanzilishi anayeota kuwa mwalimu mkuu hawezi kuahidiwa nafasi hiyo: hutangazwa wazi, na Wizara huhudhuria usaili. Vivyo hivyo, mdhamini hauzii shule chakula, usafi wala vitabu kwa faida. Liandikeni hili kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, kila mtu atie sahihi.

Ushahidi wa mahitaji hukusanywa kwa mtoto. Chukueni mwaka aliozaliwa, posti kodi, na jibu kwa sentensi moja: "Ningeichagua shule hii kuwa chaguo langu la kwanza." Sahihi za mashemeji wasio na watoto wadogo hazihesabiki. Kwa darasa la watoto 60, sitakwenda kwa Wizara wala halmashauri nikiwa na chini ya majina 120 ya umri husika, theluthi moja yao kutoka familia zisizosema Kiswahili. Majina hayo ni taarifa binafsi, kwa hiyo fomu iseme yatatumika kwa nini na yatafutwa lini.

Sababu ya kutaka mara mbili ni hii: mzazi anaomba shule kwa halmashauri hadi 15 Januari na anapata jibu 16 Aprili. Shule mpya mwaka wake wa kwanza mara nyingi hupokea maombi nje ya mfumo huo, na ofa yake ina masharti mpaka mkataba wa fedha usainiwe na Waziri. Mzazi anashika ofa mbili. Jengo likichelewa, mkutano wa mashauriano ya umma ukiwa na kelele, au ukaguzi wa Ofsted wa kabla ya kufungua ukisogezwa, anaachia ile isiyo na uhakika. Wakibaki 35 kati ya 60, bajeti imeanguka kabla ya kengele ya kwanza.

Kwa mwaka huu mfanye jambo ambalo halihitaji ruhusa ya Wizara. Tangu Septemba 2014 mtaala wa taifa unataka lugha ya kigeni ifundishwe kuanzia Year 3 hadi Year 6, na haitaji lugha ipi. Shule nyingi hufundisha Kifaransa kidogo kwa sababu ndicho mwalimu alichonacho. Nendeni wawili watatu kwa mwalimu mkuu wa shule yenye watoto wenu wengi, na yenye viti vitupu, mkiwa na mambo manne mkononi: mwalimu aliyekwisha kupata DBS (cheti cha uchunguzi wa rekodi za uhalifu), mpango wa masomo wa miaka minne, vitabu vya mwaka wa kwanza, na majina ya watoto walio chini ya miaka 4 ambao wazazi wao wangeichagua shule hiyo. Ombeni Kiswahili kiwe lugha ya Year 3 kwa mwaka mmoja. Mazungumzo ya mkondo wa Reception muyaweke kwenye kikao cha bodi ya shule cha kiangazi, baada ya wao kuona watoto wa Year 3 wanavyosoma.